Jina la Msalaba wa Apjuk

Maiti yuko sebuleni, msalaba uko uani, na jina bado halijaandikwa. Piroska aliketi jikoni akichambua maharage yasiyohitajiwa na mtu. Tangu mumewe akate roho hakuwa ametoa hata chozi. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, basi.

Nje, wanawe walikuwa wakivutana.

"Baba ni András!" alifoka Zsolt, aliyeolea upande wa Hungaria.

"Pasi yake ya Ukraine inasema Andrij," akajibu Béla, aliyekuja kutoka Kyiv. "Unataka kumzika na pasi ya nani?"

Padri akaingilia. "Wanangu, shuleni kwa Wacheki alikuwa Ondřej, kwa Warusi akawa Andrei. Yote ni jina moja, limetoka kwa Wagiriki. Maana yake mwanamume."

"Baba Padri," akasema Gáspár, fundi wa msalaba, "huyo mwanamume anazikwa mchana huu, na rangi yangu haikaushwi na mahubiri."

Jamani! Marehemu hakuwahi kuhama kijijini. Serikali ndizo zilizopita mlangoni pake, kila moja ikambatiza upya kana kwamba ndiyo iliyomzaa.

Wakamwendea mama yao jikoni.

"Mama, mwenye mume ni wewe. Ulikuwa ukimwitaje?"

"Apjuk," akasema Piroska, yaani "Baba yao" kwa Kihungaria.

"Na kabla hatujazaliwa?"

"Nilisema, 'Wee, sikia.' Mlitaka nimtaje mume wangu jina? Mama mkwe angenisuta hadi ng'ambo ya mto Tisza."

Piroska akakumbuka utoto wake na wa marehemu: mama mkwe huyo huyo langoni, jioni, akiita kwa sauti kubwa, na mvulana akija mbio pekupeku, magoti yamejaa tope.

"Andika Bandi," akamwambia fundi.

"Mama, hilo ni jina la kitoto!"

"Hilo aliliitikia akikimbia kuja nyumbani. Hayo mengine aliyaitikia kwa woga."

Gáspár akachovya brashi.

Piroska akajifuta mikono, akaenda sebuleni, akafunga mlango. Akainama karibu na sikio la mumewe, akiona haya kama bibi harusi.

"Bandi," akaita.

Akangoja. Akaita tena, kwa sauti zaidi.

Bandi hakuitika. Hapo ndipo Piroska alipojua kwamba mumewe amekufa.