Ufunguo Uliobaki Kwenye Simu ya Baba

Baba alizikwa Goweko, nyuma ya nyumba, upande wa shamba la tumbaku. Vitu vyake vilifungiwa chumbani kwake mpaka siku ya kuanua matanga, kama ilivyo kwetu: koti, baiskeli, jembe, simu. Hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa kabla wazee hawajakaa. Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nawaza ile simu tu, huko gizani, chaji imekwisha.

Wenzangu walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa nawaza simu, na naona aibu kuandika hivyo. Lakini sauti yake ilikuwa humo. Baba alifundisha kwaya kanisani, na kila wimbo mpya alijirekodi mwenyewe, sauti zote nne moja baada ya nyingine, hata ile ya kina mama, akiipandisha mpaka inakatika. Simu ilikuwa ndogo, ikajaa. Mimi ndiye niliyezihamishia rekodi kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Hazikuwepo mahali pengine popote.

Mambo haya nilijifunza mwenyewe, mjini Tabora, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Hakuna aliyenipa cheti, kwa hiyo kila ninachokifanya nakirudia na kukirudia, nikiogopa kuonekana sijui. Baba alikuwa anasahau neno lake la siri kila mara, nami niliogopa siku atakayoliandika ukutani. Nikamwekea njia isiyohitaji neno lolote. Ndani ya simu kuna chipu inayotunza ufunguo wa akaunti, na ufunguo huo hautoki humo kwenda popote. Mwenye simu anathibitisha tu kwamba ni yeye, kwa kidole au kwa namba anayofungulia simu. Kidole cha baba kilikataa. Ulikuwa msimu wa kuvuna, utomvu wa tumbaku ulikuwa umemgandia, na hata aliponawa kwa majivu, mistari yenyewe ilikuwa imelika kwa kazi. Tukabaki na namba. Nikalifuta neno la siri, nikaziba na njia nyingine zote za kuirejesha akaunti, maana nilitaka mlango mmoja usio na ufa. Kisha nikamwambia, "Baba, namba hii usimwambie mtu. Hata mimi." Akaitikia kwa uzito, kama aliyepewa kazi ya kanisa.

Siku ya kuanua matanga vitu vilipangwa kwenye mkeka uani. Simu ikaenda kwa baba mdogo, mdogo wake baba, aliyetoka Urambo. Ilikuwa haki yake. Aliichaji kwa sola ya jirani, ikawaka, ikadai namba.

"Haina shida," akasema. "Nikifika Urambo naipeleka kwa fundi, anaisafisha yote, inakuwa mpya."

Simu za marehemu wengi kwetu hufanyiwa hivyo. Ni heshima pia, kwamba hutaki kupekua mambo ya mtu aliyeondoka. Lakini nilijua fundi akiisafisha, ule ufunguo utafutika, na akaunti haitafunguka tena kwa yeyote. Ilibidi niseme. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote pale, na mbele ya wazee sauti hunitetemeka. Nikatunga sentensi kichwani, nikaifuta, nikatunga nyingine. Baba mdogo alikuwa tayari anaitia simu mfukoni.

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema, ingawa nilishamwamkia asubuhi.

"Marahaba tena. Una nini?"

Nikaeleza vibaya. Nikataja chipu, nikataja akaunti, nikarudi nyuma, nikaanza upya. Mwishowe nikasema, "Ikisafishwa, sauti ya baba inapotea."

Wa kwanza kujibu alikuwa mtani wa baba, mama mmoja wa Kigogo. Watu wake na watu wetu wanataniana tangu enzi za misafara, na msibani hakuna wa kumziba mdomo.

"Mnyamwezi mchoyo huyu! Kafa na ufunguo mdomoni! Fukueni basi mkamuulize!"

Watu wakacheka. Hata mama yangu alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Mimi sikuweza.

"Namba anaijua nani?" baba mdogo akauliza.

"Hakuna. Nilimkataza asiseme."

"Ulimkataza baba yako?"

"Ndiyo."

"Haya, jaribu, si fundi wewe!" mtani akadakia.

Nikakataa. Ukikosea mara nyingi simu inakufungia kabisa, na sikuwa na hata namba moja ya kubahatisha.

"Lete hapa," mama akasema.

Akaipokea simu, akatugeuzia mgongo, akaiinamia. Alipogeuka ilikuwa imefunguka.

"Mama, ulikuwa unaijua?"

"Aliniambia siku ileile uliporudi mjini. Akasema nisikwambie kwamba najua, utaumia."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Uliniuliza?"

Sikumwuliza. Katika hofu zangu zote, haikunijia kwamba baba angemwambia mtu, na kwamba mtu huyo angekuwa mke wake.

Baba mdogo akaketi tena. "Itoeni kwanza sauti ya kaka. Nitaondoka mkimaliza."

Ili kuisajili simu yangu kwenye ile akaunti, simu ya baba ilidai namba tena, na mtandao ulipokatika ikadai tena. Kila ilipodai nilimpelekea mama, naye kila mara akatugeuzia mgongo. Sikumwomba anitajie. Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa shamba akaunti ilipofunguka kwangu, rekodi zikaanza kushuka polepole. Zilipokwisha nikabonyeza ya juu. Baba akakohoa, akasema hii ni sauti ya pili, akaanza kuimba.

"Zima," mama akasema.

Nikazima.

"Zipo zote?"

"Zipo."

"Basi. Leo siwezi kumsikia."

Akampa baba mdogo simu yake kwa mikono miwili, akaingia ndani.