Daftari la Herufi Nne

Mama yangu alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali jijini Nairobi, na kuna herufi nne za Kiingereza zilizomkwaza vidole kila zilipofuatana: p, h, t, h. Mara ya kwanza zilikuwa katika neno "diphtheria", yaani dondakoo, kwenye ripoti iliyorudishwa mezani kwake mara tatu. Alipostaafu akaanza kuyawinda maneno yenye herufi hizo. Alinunua daftari, akalipiga mistari kwa rula, safu tatu: neno, tarehe, mahali lilipoonekana.

Sheria yake ni moja. Neno haliingii daftarini mpaka alisome mwenyewe, kwa macho yake, kwenye kitu alichokutana nacho. Kamusi haihesabiwi. "Diphtheria" liliingia kupitia kadi ya kliniki ya binti yangu. "Ophthalmologist", daktari wa macho, alilisoma kwenye ubao wa jengo moja mjini. "Diphthong", neno la walimu wa lugha, lilikuwa kwenye karatasi ya kitabu iliyofungiwa njugu. Mimi nilimletea "phthisis", jina la kale la kifua kikuu, nililolikuta kwenye faili kuukuu kazini. Akalikataa.

"Hilo ni lako, mzee," alisema. Huniita mzee kwa sababu nilipewa jina la baba mkwe wake. "Nunua daftari yako."

Anaishi peke yake Uthiru, katika nyumba aliyoijenga na baba chumba kimoja kimoja. Mimi nakaa Kilimani, nina chumba cha ziada, na nilikuwa nimemwambia zaidi ya mara moja kwamba ni chake. Kila mara alinitajia rafiki yake wa kanisani aliyehamishwa na watoto wake.

"Sasa yuko ghorofa ya saba anahesabu magari. Hata mboga ya sukuma ya kuchuma hana. Mimi hapa sitoki."

Mwaka jana, Jumapili moja, alinionyesha neno jipya: "naphthalene", ile dawa ya kufukuza nondo kabatini. Mahali: duka la kona, Kabiria, kwenye pakiti. Nikampongeza. Nilichokiona ni kwamba mwandiko wake, ambao haukuwahi kuvuka mstari, ulikuwa umeuvuka na kuingia safu ya pili.

Kazi ya kuandika habari imenizoesha kwenda kuangalia. Wiki hiyo nilikuwa na viatu kwa fundi huko Kabiria, nikapitia dukani na kuomba dawa ya nondo. Pakiti ilikuwa na picha ya kipepeo na maneno mawili makubwa, "moth balls". Nyuma palikuwa patupu.

"Kuna aina ingine?" nilimuuliza mwenye duka.

"Ni hiyo tu, boss. Kuna shosho wa Uthiru, mama mzee hivi, alikuja akaniambia nimsomee imeandikwa nini. Alisema amesahau miwani. Na alikuwa ameivaa!" Akacheka sana.

Mimi sikucheka. Njiani nilikumbuka sufuria mbili zilizoungua, na jinsi siku hizi anavyomimina chai akiwa ametia ncha ya kidole ndani ya kikombe.

Jumapili iliyofuata nilisubiri tumalize kula.

"Mum, ile pakiti ya Kabiria ilikuwa na picha ya nini?"

"Umekuwa polisi?"

"Nauliza tu."

Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. "Kwa hivyo ulienda."

"Nilienda."

"Na sasa unanipeleka Kilimani."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu aliyerudia kuchapa ukurasa mzima kwa sababu ya nukta moja alikubali kuandika uongo katika daftari lake. Neno jipya lilikuwa ushahidi kwamba bado anaona, na kuona ndiko kulikomweka katika nyumba yake.

"Nakupeleka tao kwanza," nilisema. "Kwa daktari."

Tulienda mjini Jumanne. Mlangoni pa jengo lile lile alisimama mbele ya ule ubao wa majina.

"Hilo la daktari ninalo tayari," alisema.

"Umelisoma?"

Alisogeza uso hadi karibu aguse ubao. "Sijalisoma," alisema polepole. "Nalijua tu."

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba angeanza kwa kulipasua la kulia. Mama aliuliza swali moja: baada ya hapo atahitaji mtu wa kukaa naye? Siku chache tu, daktari alisema, za kumtilia dawa.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyehama. Nililala Uthiru katika chumba changu cha utotoni, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Jicho lilipofunguliwa bendeji, kwa siku mbili alilalamikia vumbi lililokuwa juu ya kabati, ambalo kwa maoni yake nililileta mimi. Siku ya tatu nilimkuta dirishani na kichupa cha dawa, midomo ikicheza.

"Mzee, leta daftari. Na rula."

Alikuwa amesoma maandishi madogo ya kwenye kichupa: "ophthalmic", yaani ya macho.

"Si hilo ni ndugu ya lile la daktari?" nilimchokoza.

"Wewe na dada yako ni mtu mmoja?"

Alikata "naphthalene" kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake aliandika neno jipya, herufi zikiwa zimekaa sawasawa juu ya mstari, kisha tarehe. Katika safu ya tatu alisita, akaniangalia kwa lile jicho moja jipya, akaandika: "Nyumbani kwangu, Uthiru."

"Kesho unaweza kurudi kwako," alisema. "Lakini panguza kabati kwanza."