Mwanaume Asiyesikia Baridi ya Julai

Jumapili moja ya Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wapangaji wote wa ploti tulijaa kwenye ngazi tukiwa tumejifunga blanketi, macho kwenye taa nyekundu ya mita ya stima.

Taa hiyo humeta mbio stima ikiliwa sana, na ndiyo ingeamua nani ahame. Sitanii.

Ploti yetu ya Huruma ina mita moja kwa milango kumi na mmoja. Januari, tokeni za stima tulizonunua zilitusukuma siku kumi na mbili. Julai, siku tano, giza.

Mwenyekiti wetu wa ploti, Chege, au Baba Shiro, alikuwa na maelezo. Ni mtu wa Kinangop, kule milimani kwenye baridi kali, na hakukuacha usahau.

"Sisi tumekulia kwa barafu," alikuwa akituambia. "Mimi naoga maji ya mfereji, Januari mpaka Disemba. Na wala siyasikii!"

Ni kweli. Kila asubuhi aliikuta ndoo bafuni, akaoga akiimba nyimbo za kanisa, sauti haitetemeki hata kidogo. Tulimheshimu. Tulimchukia pia, kidogo.

Sasa Chege akafanya utafiti, akauandika kwenye daftari. Watu wa milimani hawali stima wakati wa baridi. Watu wa Ukambani, Julai ikifika, wanaila yote. Na mlango wa sita aliishi Kavata, mtu wa Kitui, mumewe dereva wa lori safarini, na mtoto wao Kiema alikuwa na wiki tatu.

"Ameficha hita," Chege alitangaza mkutanoni. "Hao wamezoea jua. Julai wanaweza kuchemsha hata kiti."

"Baba Shiro, ingia ukague," Kavata alisema, mtoto kifuani. "Maji ya mtoto nachemsha na jiko hapo nje. Si mnaniona?"

"Hita si inafichwa? Sheria ni hii: mwenye atapatikana ahame kabla mwezi uishe. Hata awe nani."

Tuliinua mikono kuipitisha, Mungu atusamehe. Kavata alitutazama mmoja mmoja. Kisha akamfunika mtoto vizuri.

Jirani yetu Muoki, mchongaji wa vinyago, ndiye aliyeona aibu kwanza. "Basi tupime. Kila mlango una swichi yake hapa kwa ukuta. Tuzime moja moja. Taa ikiacha kumeta mbio, huyo ndiye mwizi."

Ndiyo maana tulikuwa kwenye ngazi alfajiri ile.

Chege alianza na Kavata, kwa furaha kabisa. Akazima. Taa ikaendelea kumeta mbio vilevile.

"Labda hita yake ni ya betri," Chege alisema.

Akazima mlango wa pili, wa nne, wa tisa, na mingine yote; taa haikutulia. Ukabaki mmoja tu, wa tano. Kwake.

"Hii mita imeharibika," Chege alisema.

Muoki akanyoosha mkono, akazima. Taa ikatulia.

Mlango wa tano ukafunguka. Nduta, mke wa Chege, akatokeza kichwa, koili ya kuchemshia maji mkononi, inatoa mvuke.

"Nani amezima stima? Maji ya Baba Shiro hayajashika moto!"

"Maji gani?" Chege aliuliza, sauti imekuwa ndogo. "Mimi si naoga ya mfereji?"

Nduta akatuona sote. Akashusha pumzi.

"Ni ya mfereji, mzee. Nayachota, baridi ikifika naweka koili, nakupelekea bafuni. Julai ya kwanza baada ya kuoana uliyaoga baridi, ukalia. Kesho yake nikayapasha kidogo, ukatoka ukisema umeyazoea. Ningekuambia nini?"

Miaka kumi na tatu ya ndoa!

Tulicheka mpaka blanketi zikaanguka. Kisha mtu akakumbusha sheria, na sote tukamgeukia Kavata.

"Asihame," alisema. "Koili ndiyo ihame."

Jumatatu ploti nzima iliamka mapema, kusikiliza tu. Huko bafuni, Chege alijimwagia kikombe cha kwanza cha maji baridi. Nyimbo hazikuwako. Ukatoka ukelele ambao nadhani hata Mathare, mtaa jirani, waliusikia.

Kikombe cha pili hakikuwako pia. Chege alitoka na taulo na ndoo, akasimama mlango wa sita.

"Mama Kiema," alisema, meno yakigongana. "Hako kajiko… kamewaka?"

"Kamewaka, Baba Shiro. Lakini ngoja kwanza. Naosha mtoto."

Akangoja. Mwenyekiti mzima, kwenye foleni nyuma ya mtoto wa wiki tatu.

Ndugu yangu, kabla hujasema watu wa upande fulani ndio wanaopenda joto, rudi nyumbani uulize ni nani hukupashia maji.