Filamu Niliyoiivisha Jikoni

Mpishi wa kambi ya watalii karibu na Natta, nilikokuwa naosha vyombo, aliniambia kwamba picha huiva. Filamu ikitoka kwenye kamera, alisema, watu waliomo ndani bado wabichi, hawajashika rangi. Ndiyo maana wageni wetu hupiga picha Julai na barua yenye picha hutufikia karibu na Krismasi. "Unadhani miezi yote hiyo filamu inafanya nini huko Ulaya? Inaiva." Nami, niliyemaliza elimu ya watu wazima kwa cheti chenye muhuri mkubwa kama sahani, nikaamini neno kwa neno. Tena nikawafundisha wengine.

Kamera yenyewe niliachiwa na mgeni mmoja, filamu ikiwa ndani, kwa sababu nililitoa gari lake kwenye matope karibu peke yangu. Tulikuwa watu kumi na wawili, lakini mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Kijijini kamera hiyo haikunifaa sana. Kila niliyemwelekezea alikimbia, au alisimama wima kama mlingoti wa bendera. Mwalimu wetu wa darasa la usiku alikuwa ametuambia kwamba Tarime mjini kuna bustani ambamo watu wazima hukaa mchana kweupe bila jembe na hakuna anayewauliza. Nikaomba ruhusa ya siku nne. Nilitaka kuwapiga watu nisiowajua, wakiwa wamekaa tu.

Alfajiri nilipanda lori la pamba Mugumu. Barabara ilikuwa na mashimo ambayo tembo angeingia na usione hata masikio. Tulipofika Nyansurura lori likasimama, akapanda mama mmoja na kikapu cha viazi vitamu. Nikamsogezea gunia akae.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Hicho kifuani ni redio?"

"Ni kamera."

Aliitazama mpaka tulipovuka Mto Mara. Ndipo aliponiambia kwamba anaitwa Bhoke na anakwenda Tarime kuonana na mdogo wake, Robhi, aliyeolewa Kenya, ng'ambo ya Sirari. Walikuwa hawajaonana miaka tisa. Watoto wa huku hawakujua hata sura ya mama yao mdogo. "Tukikutana, utatupiga pamoja?" aliuliza. Nikakubali kabla hajafunga mdomo, tukaahidiana kukutana bustanini.

Asubuhi ya pili nilikuwa Tarime, kwenye bustani ya Bomani, mbele ya ofisi za serikali. Ndugu zangu, bustani ile ingelisha ng'ombe mia tano kwa mwaka mzima, na mchungaji akapotelea humo. Basi, labda ng'ombe wanane. Kulikuwa na maua mekundu, viti vya saruji, na tarishi mmoja aliyemwagilia maji kwa kopo la maziwa lililotoboka. Nilijibanza kwenye mti nikaangalia watu. Karani alipita na suruali ya bugaluu ambayo mguu mmoja ungetosha kushona hema. Wazee wanne waliokuja ofisini walikaa na karatasi zao magotini, wakizishika kama vifaranga. Mtu mmoja alilala gazeti usoni, na kila alipopumua habari za dunia zilipanda na kushuka. Niliwapiga wote.

Fundi cherehani aliyeshona barazani, kando ya bustani, akaniita. "Wewe ndugu, umenipiga?"

"Nimepiga cherehani. Wewe umejitokeza tu."

"Basi picha ikitoka, unikatie kipande changu, cherehani ubaki nayo."

Saa nne walifika wale ndugu wawili. Robhi alikuwa mrefu, mcheshi, na viatu vyeupe. Walikaa kwenye kiti kimoja, wakashikana mikono. Nilipowaambia wacheke, Bhoke alianza kulia, na Robhi akamsukuma kwa bega: "Wacha hiyo, dada. Unataka watoto wangu waseme mama yao mkubwa ni mtu wa kulia?" Hapo wakacheka wote wawili, nami nikabonyeza. Sijawahi kubonyeza kitu kwa uhakika namna ile.

"Sasa itatoka lini?" Robhi aliuliza.

"Baada ya mavuno."

Alinitazama toka juu mpaka chini. "Mavuno ya nini? Kwetu unapigwa asubuhi, jioni unabeba. Hapa hakuna studio?"

"Ndiyo maana picha za kwenu hufifia," nikamjibu. "Mnazila mbichi."

Fundi cherehani alicheka. Bhoke naye alicheka, akamwambia mdogo wake, "Mwache, huyu amesoma." Robhi alikuwa tayari kulala mjini siku mbili angoje picha. Mimi ndiye niliyemwambia aende zake nyumbani, atakuja kuichukua. Studio ilikuwa mlango wa tatu kutoka ile baraza. Siku ile niliipita mara nne.

Niliporudi kijijini nilifikiri kama mtu mwenye cheti. Ikiwa filamu huiva Ulaya kwenye baridi, juu ya moto itaiva upesi zaidi. Nikaifunga kwa maganda ya mahindi, nikaining'iniza juu ya mafiga, kwenye moshi, pamoja na mahindi ya mbegu. Mke wangu alikuwa akiigeuza kila alipogeuza mbegu. Miezi saba.

Baada ya mavuno nilimpitia Bhoke Nyansurura. Kumbe mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa. Robhi hakuweza kuja tena, wala yeye kwenda, na hakuna aliyejua ni mpaka lini. Nilimkuta amevaa vizuri, ameshika kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe kwa ajili ya kufungia picha.

"Si kitu, mura," aliniambia tulipopanda lori. "Yumo humo kwenye mfuko wako. Watoto watamwona."

Njia nzima nilimsifia picha ile. Nilimwambia hata meno ya Robhi yatahesabika.

Saa sita mchana tuliingia studio. Mwenyewe alikuwa mzee mwenye kofia ya kufuma, mtaratibu, aliyetukaribisha kwenye benchi na kuingia na filamu yetu chumba cha giza. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alishika utepe mweusi uliojikunja, umenatana, unanuka jiko. Aliuinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakukuwa na karani, wala wazee, wala kiti cha saruji.

"Mliiweka wapi?"

"Juu ya moshi," nilisema. "Pamoja na mbegu. Ili iive."

Nilitamani acheke. Hakucheka. Niliwaandikia ninyi wenzangu wa darasa la usiku habari za bugaluu na bustani, mkanipigia makofi. Hili sikuwaandikia, na ndilo nililojifunza safari ile. Mwanamke mwenye viatu vyeupe aliniuliza swali jepesi mbele ya watu, nami nikamjibu kwa mzaha badala ya kutembea milango mitatu.

"Filamu haiivi, ndugu," mzee alisema. "Inasafishwa. Joto na moshi huiua."

Bhoke alikuwa anakikunja kile kitambaa, mara mbili, mara nne. "Na kama tungekuja siku ile," alimuuliza, "tulipotoka bustanini?"

"Siku ile, mama? Mngekaa kwenye benchi hilo mpaka saa kumi. Kila mtu angeondoka na yake."