Programu Isiyojulikana Jina

Juzi fundi wa Haydom aliwasha kompyuta kuukuu, nikaiona programu ile: picha mbili za video na kijiti cha kusukuma kati yake. Sote hatukujua jina lake. Kabla ya hapo nilikuwa nimeiona mara moja tu, utotoni, alasiri moja studioni kwa shangazi pale Katesh, penye harufu ya vumbi lililopata moto. Alikuwa akiunganisha video za harusi za ukoo. Aliposukuma kijiti, bibi, tuliyekuwa tumemzika, akajitokeza taratibu katikati ya wachezaji.

“Shangazi, bibi anarudi?”

“Subiri kidogo,” alijibu bila kugeuka.

Nikakimbia kumletea bibi kiti. Shangazi alipokiona akazima skrini, akanipakata. Kwa miaka mingi niliamini bibi aliondoka kwa sababu nilichelewa.