Mashine Iliyocheza kwa Mkono wa Sebagabo

Mukundwa binti yangu hajui kuketi. Hata akila, mguu mmoja uko nje ya mlango. Hapa Sake, nyuma ya soko, juu ya mawe meusi ya volkano tulipojenga kibanda, majirani wanamwita Dada Fili, yaani Dada Waya, kwa ajili ya nyaya zinazoning'inia mfukoni mwake. Hajaolewa, na watu huniuliza mimi sababu, kana kwamba nimemfungia ndani. Sijamfungia. Mimi nina hasira zangu, yeye ana mashine yake.

Mashine yenyewe ni ndogo, nyeusi, na vitufe vyake ni vya mpira, laini kama ulimi wa ndama. Mmisionari mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mume wangu Ntwari, aliyekuwa akitengeneza redio pale Kitshanga. Ni kompyuta ya zamani. Unaiunga na televisheni, kisha unaichezea kanda ya kaseti. Kanda inalia kama nguruwe anayechinjwa, na baada ya kelele hizo mchezo unatokea.

Ntwari alipokufa, mdogo wake Sebagabo alikuja na vijana wake. Akachukua ng'ombe, akachukua malisho, akachukua hata vibuyu vya maziwa. Ile mashine aliisukuma kwa mguu. "Hii takataka muachie mujane," akasema.

Nilikwenda kushitaki. Sijui Kifaransa cha mahakamani, nami nilisema kwa lugha ya nyumbani ili nisikosee. Nilisema mpaka mate yakanikauka. Mkalimani akamgeukia hakimu, akatamka maneno machache, akaketi. Baadaye tu ndipo nikajua alichosema: "Mama anakubali." Nisingelieleza hilo hapa, limechosha hata masikio yangu, lakini bila hilo nisingeelewa kazi ya binti yangu.

Mukundwa alisoma umeme katika shule ya ufundi, vita vikamtoa darasani kabla ya diploma. Tulipotoka kambi ya wakimbizi, kanda za baba yake zilikuwa zimeota ukungu, hakuna hata moja iliyolia. Akasema ataandika michezo yake mwenyewe. Huandika kwenye simu, kwa lugha ya kompyuta inayoitwa C. Nilimuuliza kama mashine ya baba yake inaijua hiyo C.

"Haijue hata neno, Mama. Lakini kuko kompilateri ndani ya simu. Miye naandika kwa C, yeye njo anageuza, anaweka mu luga ya ile mashine."

"Mkalimani," nikasema.

"Njo vile."

Nikatema mate. "Basi utaibiwa."

Akacheka. "Huyu haibe. Angalia." Alifuta alama moja mwishoni mwa mstari, nukta mkato, kitu kidogo kama kinyesi cha nzi, kisha akaiamuru itafsiri. Kompilateri ikakataa. Ikaonyesha ni mstari gani na kusema hapo haielewi. Haikukisia. Haikumjibia. Niliitazama ile simu kwa hasira isiyokuwa yake.

Mchezo alioutaka ni kisoro, ule ubao wa mashimo ambamo unagawa kete shimo kwa shimo na kuteka za mwenzako. Kwetu milimani kisoro ni cha wanaume. Mwanamke akigusa ubao, wanasema ng'ombe watakauka maziwa. Hata kupita mbele ya wachezaji ni mwiko, unapita nyuma. Mukundwa alijifunza mchezo huo akiwa nyuma ya ua, akisukasuka kibuyu cha siagi huku akichungulia kati ya matete. Aliyekaa akiupa ua mgongo, miaka yote, alikuwa Sebagabo. Aliamini mahali pale pana bahati, na hakuna aliyethubutu kupakalia.

Kuuandika kulimtesa. Alizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Imenenepa, Mama. Haiingie." Kumbukumbu ya mashine ile, alisema, ni ndogo kuliko picha moja ya simu. Kumbe kila shimo alikuwa amelipa nafasi ya namba kubwa, na kete zenyewe ni chache. Ni sawa na kubeba pipa kwenda kuchota chumvi. Akapunguza. Akakata maneno ya kumkaribisha mchezaji, akakata mapambo, akatafsiri tena, akatoka nje, akarudi, akakata tena. Mwishowe akachomeka waya mmoja kutoka tundu la sauti la simu hadi sikio la mashine, simu ikalia ule mlio wa nguruwe badala ya kaseti, na kwenye televisheni yetu ndogo ya batri yakatokea mashimo yenye namba ndani.

Majirani walikuja kucheza, wakashindwa, wakaenda kusimulia. Habari ikapanda barabara ya Masisi pamoja na pikipiki zinazobeba jibini. Siku ya soko Sebagabo akateremka kutoka milimani.

"Mama Mukundwa, amani?"

"Amani ya wapi, Shemeji?"

"Nasikia mashine ya kaka yangu imefufuka. Nimekuja kuichukua."

"Uliipiga teke."

"Hata ng'ombe anapigwa teke. Anakuwa wa nani?"

Alikuwa na wanaume wa kwetu, na kati yao mzee Nizeyimana, mchungaji wa zamani ambaye watu humwita wanapogombania mipaka. Mukundwa alikuwa ameshika ile mashine kifuani. Ndiyo pekee iliyobaki kati ya vyote ambavyo mikono ya baba yake ilivigusa, na mbele yetu alisimama mtu aliyekwisha kuchukua vingine vyote bila kuzuiliwa na yeyote.

Nizeyimana akajikuna kidevu. "Sebagabo, banasema hii kitu inacheza kisoro. Cheza nayo. Ukiishinda, beba. Ikikushinda, muachie mutoto. Ao unaogopa redio?"

Wanaume wakacheka, na Sebagabo hawezi kuvumilia kuchekwa. "Leteni ubao wangu!"

Hasafiri bila huo ubao; ukashushwa kwenye pikipiki, akauweka juu ya kigoda mbele ya televisheni tuliyoitoa nje. Kwa kuwa mwanamke haugusi ubao, Mukundwa alisimama mlangoni, akasoma kwenye kioo shimo ambalo mashine imechagua, na Nizeyimana akaigawia kete. Sebagabo alipocheza, Mukundwa alibonyeza vitufe kuiambia mashine.

Ilikuwa nzito kufikiri. Kioo kikabaki kimya, ukasikia pikipiki za barabarani.

"Imelala?" Sebagabo akauliza.

"Inawaza, Papa."

"Hata mke wangu akichagua kitambaa hachelewi hivi!"

Wakacheka sana. Lakini vicheko vikaanza kupungua. Mashine haikuteka ovyo. Ilirundika kete katika mashimo ya nyuma, ikajinyima, ikamwacha Sebagabo apate kidogo kidogo na kujisifu. Kisha ikageuka ikacheza kinyumenyume, kutoka shimo ambalo hakuna aliyelitazama, ikafagia upande mzima.

Nizeyimana akabaki na kete kiganjani. "Eeh! Hii mukono naijua. Hii iko ya nani?"

Wote walikuwa wanamtazama Sebagabo. Ule ndio mchezo uliompa jina tangu ujana wake: kujifanya maskini, halafu kurudi nyuma na kunyang'anya.

Akaruka kutoka kwenye kiti. "Ameniiba! Huyu mutoto ameniiba! Nimeujenga kwa kichwa yangu, miaka yote. Yeye alijificha nyuma ya ua, akachukua bila kuomba! Kitu ya muntu ikichukuliwa bila kupewa, inarudi kwa mwenyewe. Kila muntu anajua!"

Nilikuwa nyuma ya Mukundwa, sufuria mkononi. Nikaiweka chini.

"Rudia, Shemeji," nikasema. "Rudia hayo maneno, polepole. Leo hakuna mkalimani."

Alitazama wanaume mmoja mmoja akitafuta wa kumsaidia, na kila mmoja akaona kitu cha kutazama kwenye viatu vyake.

"Keti umalize," Nizeyimana akamwambia taratibu. "Anayeacha ubao ameshindwa."

Sebagabo hakuketi. Alinyakua ubao wake, kete zikamwagika kati ya mawe meusi, akapanda pikipiki bila kuagana. Tunaziokota hadi leo tukifagia.

Mashine ilibaki. Ng'ombe hawakurudi, na asije mtu akanieleza kwamba aibu ni adhabu. Wako kule juu, wanazaa, na ndama wanaitwa wa Sebagabo. Siku hizi milio ya risasi inasikika tena upande wa milima, watu wanafunga mizigo, wanafungua, wanafunga. Mashine iko ndani ya beseni pamoja na sufuria na kitenge changu kizuri, tayari kubebwa.

Nilidhani Mukundwa atatulia. Hakutulia. Kesho yake baada ya ule mchezo alikuwa anazunguka tena.

"Mama, mubaya. Inacheza sawa yeye. Sikuona mwingine, njo maana. Mu nyumba yetu iko mukono ya Sebagabo." Akasimama mbele yangu. "Unifundishe yako."

"Mimi sijakaa kwenye ubao hata siku moja."

"Lakini ulikuwa unapita nyuma yake na maziwa, miaka yote. Ukimuona anacheza, ulikuwa unawaza nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nilikuwa nawaza nini. Nilifungua kinywa nimwambie aniache nipepete maharagwe yangu.

"Nilikuwa nawaza kwamba upande wake wa kulia uko wazi," nikasema. "Kila siku uko wazi. Anatazama anachochukua tu."

Alikuwa amekwisha kutoa simu. Aliandika akiwa amesimama, kama kawaida yake.

"Shimo gani?"

Nikaweka ungo chini.

"La tatu," nikamwambia. "Anzia hapo."