Programu Tatu Katika Grupu la Ukoo

Mjukuu wangu wa kike anafundisha kompyuta hapa kijijini kwetu Ole. Yeye na walimu wenziwe wawili, mmoja wa Msuka na mmoja wa Chokocho, walikuwa wakikusanya mifano ya programu: kazi moja, kila mmoja aiandike kwa lugha yake ya kompyuta, kisha zote ziwekwe pamoja wanafunzi walinganishe. Walianza na kugeuza saa za Kiswahili kuwa za Kizungu. Darasa lilikuwa Jumamosi. Kilichobaki ni kuamua mkusanyo ukae wapi.

"Babu, ziko tovuti za bure za kazi hii," alisema. "Kila anayebadilisha kitu anaonekana, na cha zamani hakipotei."

Nikacheka. Nilimaliza kidato cha nne, na miaka mingi nimeishi kana kwamba elimu nayo iliishia hapo. "Tovuti ataifungua nani? Wekeni kwenye grupu la ukoo. Msimamizi ni mie, wenzio nitawaingiza."

Akakubali kwa heshima tu. Nilijua ni heshima, na nikaitumia.

Alhamisi usiku programu ya kwanza ilipoingia, shangazi yake akajibu, "Amin." Mwingine akaandika, "Mungu ampe shifaa." Kwetu ujumbe hujibiwa kwanza, kusomwa baadaye. Mwalimu wa Chokocho akanipigia: "Mzee, nani mgonjwa?"

"Hakuna, mwanangu. Hizo dua tu. Pokea."

Ijumaa, programu zote tatu zikiwa zimeshaingia, likaja tangazo la harusi, na kina bibi wakalalamika kwamba hawalioni kwa wingi wa mabano ya programu. Nikaamua kusafisha. Nilidhani nafuta kwenye simu yangu peke yangu, kumbe nagusa "futa kwa wote".

Mjukuu wangu akaja mbio, ushungi umemteleza.

"Babu, umefuta?"

"Nimepanga."

"Umepanga nini? Hamna kitu!"

Yeye na wa Msuka walikuwa na nakala zao. Wa Chokocho alikuwa ameandika moja kwa moja kwenye simu, hana nyingine, na amesema haandiki tena. Bila yake darasa lingekosa mfano wa tatu. Nikampigia mwenyewe.

"Mwanangu, kosa ni langu. Grupu nililichagua mie, na aliyefuta ni mie. Mjukuu wangu alitaka tovuti."

Akauliza: "Nikiandika tena, inakwenda huko huko harusini?"

"Hapana. Inakwenda kwenye tovuti."

"Na msimamizi nani?"

"Si mie."

"Wallahi?"

"Wallahi."

"Haya, naandika."

Jumamosi wanafunzi walizitazama zote tatu ubavu kwa ubavu, wakabishana kwa furaha ipi fupi na ipi inaeleweka. Nilikuwa nimekaa nyuma. Nikaona neno moja la maelezo halijanipendeza, nikauliza kama naweza kulirekebisha.

"Babu," alisema mjukuu wangu kwa adabu, darasa zima likisikia, "wewe tumekupa ruhusa ya kusoma tu."

Nikasoma.